Whitewater, Baptism au Buffalo: kuchagua mto mdogo wa kuufuatilia mwaka mzima Minnesota

Mvua na theluji zinazoanguka katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, haziishii bahari moja. Maji ya kusini-mashariki hupita katika mito midogo kama Whitewater, huingia Mississippi na kushuka hadi Ghuba ya Meksiko. Ya kaskazini-mashariki hupita katika mito kama Baptism, hutumbukia Ziwa Superior na kuelekea Atlantiki kwa njia ya Maziwa Makuu na Mto Saint Lawrence. Ya kaskazini-magharibi, kwa mfano ya Mto Buffalo, huingia Red River, mto unaoelekea kaskazini hadi Ziwa Winnipeg nchini Kanada, na kutoka huko hufuata Mto Nelson mpaka Ghuba ya Hudson.

Mito hiyo mitatu ndiyo ninayoilinganisha hapa. Yote ni midogo, yote ni ya mashambani au porini, na yote hupitia hifadhi ya jimbo yenye njia za kutembea kwa miguu: Whitewater katika hifadhi yenye jina lake, Baptism katika hifadhi ya Tettegouche, na Buffalo katika Hifadhi ya Mto Buffalo karibu na mji mdogo wa Glyndon. Kibali kimoja cha gari cha mwaka hutumika katika hifadhi zote tatu. Msomaji ninayemlenga ni yule anayetaka kuchagua mto mmoja na kuurudia majira yote: mwanafunzi aliyepewa kazi ya mwaka mzima, mwalimu wa jiografia, au mzazi aliyehamia huku kutoka Nairobi au Bukavu na anayependa watoto wake wawe na mto wanaoujua kama wanavyoujua mtaa wao.

Vigezo

Watu wengi huanza kulinganisha mito kwa urefu au kwa uzuri wa mandhari. Katika nchi ya baridi, vigezo hivyo viwili havikupeleki mbali. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea kuuhesabu mto kwa mvua: masika unajaa, kiangazi unapungua, na korongo la Dodoma linaweza kukauka kabisa hadi watu wakachimba visima vya mchanga ndani yake. Minnesota kiangazi cha mto ni majira ya baridi. Kuanzia Desemba hadi Machi maji ya angani hushuka kama theluji na kukaa yaliposhukia, ardhi ya juu huganda ikawa ngumu kama tofali, na kile kinachoendelea kutiririka Februari kimetoka katika akiba. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila mto ni hili: maji yake yanalala wapi majira ya baridi?

Jibu la swali hilo hutangulia mengine yote. Baada yake ninaangalia jinsi barafu inavyoshika na kuvunjika, na mafuriko yanayofuata. Umbo la bonde na historia yake. Mkono wa binadamu. Na mwisho, safari yenyewe na usalama wa anayekwenda.

Maji yanalala wapi

Maji ya Whitewater yanalala ndani ya mwamba. Kusini-mashariki mwa Minnesota kuna tabaka za mawe ya chokaa na ya mchanga zilizojaa nyufa na mashimo ya kudidimia, na mvua inayoanguka juu ya vilima huzama humo, ikakaa, kisha ikatoka chini ya bonde kama chemchemi. Maji hayo hutoka yakiwa na nyuzijoto 8 au 9 za Selsiasi, iwe Julai au Januari. Ukifika alfajiri ya Februari, hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, utaukuta mto ukitoa moshi kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na karibu na chemchemi utaona mimea ya majini ya kijani kibichi ikiyumba ndani ya mkondo huku kila kitu ukingoni kikiwa cheupe. Ukitumbukiza mkono utahisi uvuguvugu, ingawa ni maji yale yale ambayo Julai hukutoa meno nje kwa baridi. Mto wa namna hii haubadiliki sana kati ya majira, na ndiyo sababu samaki aina ya trauti hustawi humo.

Baptism hauna ghala la namna hiyo. Umelala juu ya miamba ya volkano yenye umri wa takriban miaka bilioni 1.1, iliyobaki baada ya bara la Amerika Kaskazini kujaribu kupasuka katikati na kushindwa. Mwamba huo haunywi maji, na udongo ulio juu yake ni mwembamba. Akiba ya Baptism imewekwa nje, katika theluji ya msituni na katika vinamasi vya nyanda za juu, na theluji yenyewe si haba: mwezi Januari 1994, karibu na kijiji cha Finland ambako matawi mawili ya mto huu hukutana, zilianguka takriban sentimita 91 ndani ya saa 24, rekodi ya jimbo. Februari mto hupungua hadi uzi mwembamba unaosikika zaidi kuliko unavyoonekana. Maji yake ni ya kahawia mwaka mzima, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu vinamasi huyakamulia dawa ile ile ya majani na magome inayoipa chai ukakasi. Wageni hudhani ni uchafu, lakini sivyo.

Buffalo uko katikati, nao unahitaji subira kuuelewa. Sehemu yake ya juu, katika wilaya ya Becker, hutoka kwenye maziwa na vilima vya kokoto vinavyohifadhi maji kiasi. Sehemu ya chini hupita juu ya udongo wa mfinyanzi mzito usiopitisha maji. Hapo akiba ni theluji ya mashambani, ambayo haitulii: upepo huifagia kutoka kwenye mashamba yasiyo na mti hata mmoja na kuijaza ndani ya mitaro ya barabara, hivyo theluji iliyoanguka sawasawa huishia kuwa imekusanyika katika mistari mirefu iliyonyooka, ikingoja Aprili.

Barafu, kuvunjika kwake na mafuriko

Hapa ndipo mito hii inapoachana kabisa.

Whitewater, karibu na chemchemi zake, haufungwi na barafu. Hupata kingo za barafu nyembamba, na baridi ikizidi hufungwa sehemu za chini zilizo mbali na chemchemi, lakini usitarajie tamasha la barafu kuvunjika. Hatari yake ni ya majira ya joto: mvua ya radi inayoangukia vilima vyenye mteremko mkali hushuka bondeni kwa saa chache. Agosti 2007 mji wa Hokah, ulio katika bonde la jirani, ulipata zaidi ya milimita 380 za mvua katika saa 24, na dhoruba hiyo hiyo iliuharibu ukanda mzima, hifadhi ya Whitewater ikiwemo.

Kwa anayetaka kusoma barafu yenyewe, Baptism ndio darasa. Mwanzoni mwa majira ya baridi, kabla mto haujafunikwa, maji ya kwenye mabonde ya mawe hupoa kupita sifuri kidogo bila kuganda, kwa sababu hayatulii. Ndani yake huzaliwa sindano ndogo za barafu zisizoonekana moja moja. Zikikutana hushikana na mawe ya chini, na jabali lililokuwa jeusi jana hupatikana leo limevaa kofia nyeupe ndani ya maji. Kisha maporomoko huanza kujifunga. Maporomoko makubwa ya Baptism yana urefu wa karibu mita 20 na ndiyo marefu kuliko yote yaliyomo ndani ya Minnesota peke yake, maana yale yanayoyazidi, ya Mto Pigeon, yako mpakani na Kanada. Rasharasha huganda kwanza pembeni, kisha nguzo hukua kutoka juu na chini hadi zikutane, na kufikia Januari unasimama mbele ya pazia la barafu lenye rangi ya asali, kwa sababu ya ile chai, huku nyuma yake maji yakiendelea kuanguka kwa sauti nzito kama ya mtu anayezungumza katika chumba cha pili. Mwezi Aprili na mwanzoni mwa Mei pazia hilo huporomoka na mto hugeuka kuwa ngurumo. Mafuriko yake hupanda haraka na kushuka haraka, na kwa kuwa nyumba ni chache hayagusi watu wengi.

Mafuriko ya Buffalo ni ya aina nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo yanayofundisha zaidi. Red River, ambao Buffalo huingia karibu na Georgetown, hutiririka kuelekea kaskazini, yaani kuelekea kwenye baridi zaidi. Masika ya huku, yaani majira ya theluji kuyeyuka, huanzia kusini: vyanzo huyeyuka wakati sehemu za chini bado zimefungwa na barafu. Maji yanashuka na kukuta mlango umefungwa. Nchi nayo ni tambarare kama sinia, hivyo badala ya kupanda ndani ya bonde hutambaa juu ya mashamba kilomita baada ya kilomita. Aprili 1997 mto huo uliuzamisha mji wa Grand Forks, na Machi 2009 ulifika karibu mita 12.4 kwenye kipimo cha mji wa Fargo, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa hapo. Red River ukijaa, Buffalo hauna pa kumwaga. Maji yake hurudi nyuma na kukaa. Uzuri wake, kama neno hilo linaruhusiwa, ni kwamba mafuriko haya huja polepole na kutabiriwa mapema, ilhali ya Whitewater yanaweza kukukuta usingizini.

Umbo la bonde

Vitabu vya jiografia tulivyosomea shuleni viligawa mto katika ujana, utu uzima na uzee: juu mteremko na maporomoko, katikati bonde pana, chini mizingo na tope. Baptism unavunja mpangilio huo waziwazi. Huanzia kwenye nyanda za juu zenye vinamasi, ukijivuta kama mzee, kisha katika kilomita zake za mwisho hushuka kwa maporomoko moja baada ya jingine hadi ziwani. Sababu yake ni kwamba Ziwa Superior limo ndani ya shimo lenye kina kirefu lililochongwa na barafuto, yaani yale matabaka mazito ya barafu ya kale yaliyokuwa yakitembea juu ya nchi, na mto haujapata muda wa kusawazisha ukingo wa shimo hilo. Mdomoni, mawimbi ya ziwa hurundika kokoto na kufanya kizuizi ambacho mto huzunguka au hukipasua kulingana na nguvu zake za wiki hiyo.

Bonde la Whitewater ni tofauti kwa sababu barafuto za mwisho zilipita kando ya eneo hilo bila kulifunika. Maji yaliyotokana na kuyeyuka kwake ndiyo yaliyokata Mississippi chini sana, na vijito kama Whitewater vikalazimika kukata navyo ili kuufikia. Ndiyo maana unatembea kwenye sakafu nyembamba ya bonde huku majabali ya chokaa yakiwa yamesimama juu yako. Jina la mto limetokana na Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walioona maji yakigeuka meupe kwa udongo wakati wa kujaa.

Buffalo, kwa macho ya haraka, hauna umbo lolote, na wengi huupita kwenye barabara kuu bila kujua. Lakini uwanda ule ulikuwa sakafu ya Ziwa Agassiz, ziwa lililoundwa na barafu iliyoziba njia ya maji kuelekea kaskazini mwishoni mwa enzi ya barafu, na ambalo lilienea kupita Maziwa Makuu ya leo. Toka hifadhini utembee kuelekea mashariki: ardhi inainuka kidogo tu, kiasi cha kuhisiwa na goti kuliko jicho, na udongo mweusi unageuka kokoto za mviringo. Umesimama ufukoni, mamia ya kilomita kutoka maji yoyote makubwa. Hakuna sehemu katika mito hii mitatu iliyonifanya nisimame muda mrefu zaidi ya hapo.

Mkono wa binadamu

Kwa habari ya watu na ardhi, Whitewater una kisa kizito. Walowezi walilima hadi kwenye miteremko na kuachia mifugo misitu ya vilimani. Udongo ukashuka, mkondo ukajaa tope, na mji wa Beaver uliokuwa bondeni ulifurika mara 28 katika mwaka mmoja wa 1938. Wakazi wakahama. Jimbo, kwa juhudi ambazo Richard Dorer, afisa wa uhifadhi wa jimbo, ndiye anayekumbukwa nazo zaidi, likanunua ardhi, likapanda miti na kuacha bonde lipone, na leo msitu wa eneo hilo una jina lake. Uponyaji huo haujakamilika: nyufa zile zinazouhifadhi mto hupitisha pia nitrati kutoka kwenye mbolea za mashambani, na watu wa eneo hilo wenye visima hushauriwa kuvipima. Hata trauti wa kahawia waliojaa mtoni waliletwa kutoka Ulaya, kama ndugu zao walivyopelekwa kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya wakati wa ukoloni.

Baptism ulikatwa misonobari yake mikubwa enzi za wakataji mbao, lakini hauna mashamba ya kuzungumzia, na msitu umerudi. Buffalo umebadilishwa kuliko yote: sehemu zake za chini zimenyooshwa na kuunganishwa na mitaro ya kukausha mashamba ya ngano, soya na viazisukari. Mbuga ya nyasi ndefu za asili imebaki chini ya asilimia 2 Minnesota nzima, na kipande kimojawapo kizuri, Bluestem Prairie, kinapakana na hifadhi hii. Huko, mwezi Aprili kabla ya jua kuchomoza, madume wa ndege wa jamii ya kwale huvimbisha vifuko vya rangi ya machungwa shingoni na kucheza ngoma ya kuvutia majike.

Safari na usalama

Kutoka Minneapolis, Whitewater ni mwendo wa takriban saa mbili kwa gari. Tettegouche na Mto Buffalo ni takriban saa tatu na nusu kila mmoja, kwa pande tofauti. Kwa anayekusudia kurudi kila mwezi, tofauti hiyo si ndogo.

Usitembee juu ya barafu ya mto wowote kati ya hii. Ya ziwani hukua ikiwa imetulia. Ya mtoni huliwa kutoka chini na mkondo, na ya Whitewater huliwa pia na chemchemi zenye joto, hata ikawa nene hapa na karatasi hatua mbili mbele. Tettegouche ngazi za kushukia maporomoko huganda na kuteleza, hivyo vaa vyuma vya kufungwa chini ya viatu. Buffalo adui ni upepo: hakuna kinga, na dhoruba ya theluji huweza kuifuta barabara mbele ya gari. Weka garini blanketi, maji, koleo na chaja ya simu. Majira ya joto, Whitewater unasifika kwa mbu wachache kwa kuwa hauna maji mengi yaliyotuama. Kwa Tettegouche na Buffalo siwezi kuwaahidi hivyo.

Mto upi kwa nani

Mwenye watoto wadogo, au asiye na gari la uhakika majira ya baridi, ataona Whitewater unamfaa: uko karibu, una kitu hai cha kuonyesha hata Februari, na anayependa kuvua anaweza kufanya hivyo majira ya baridi ndani ya hifadhi kwa utaratibu wa kukamata na kuachia, akiwa na leseni. Mwanafunzi wa mazingira anayetaka kuandika juu ya ardhi iliyoharibiwa na kurejeshwa hatapata mfano ulio wazi kuliko huu. Atakayesikitika hapa ni yule aliyekuja kutafuta barafu.

Baptism umfae anayesoma miamba na barafu, anayepiga picha, na yeyote ambaye anaweza kwenda mara nne tu kwa mwaka, kwa sababu kila majira utakuta mto mwingine. Kwa vipimo vya kila wiki ni mbali mno, na kwa wenye magoti mabovu ngazi zake ni nyingi.

Buffalo ni wa mvumilivu. Mwalimu anayefundisha mafuriko, mwanafunzi wa kilimo na maji, na mtu anayeishi Moorhead au Fargo, ambako uko umbali wa dakika chache, wasiuache kwa sababu hauna mandhari ya kadi za posta. Asiyeweza kusafiri kila mara anaweza pia kufuatilia kina chake mtandaoni kwenye kipimo cha karibu na Dilworth, na kuuona mstari uliolala kimya miezi mitatu ukipanda ndani ya siku chache.

Aliye na siku moja tu ya kwenda, aifuate kalenda: Februari aende Whitewater alfajiri, wiki ya mwanzo ya Mei aende Baptism, na katikati ya Aprili aende Buffalo, alale Moorhead ili afike kwenye nyasi kukiwa bado giza, akiwa na buti za mpira, kwa sababu barabara za kokoto zinaweza kuwa chini ya maji.